Leseni Haikushindwa: Kwa Nini Mbio za Mbwa Zinafungwa

Tarehe 10 Desemba 2024, Winston Peters, waziri anayesimamia sekta ya mbio nchini New Zealand, alitangaza kwamba mbio za mbwa aina ya greyhound zitakoma nchini humo, na siku ya mwisho ikapangwa kuwa 31 Julai 2026. Miezi miwili baadaye serikali ya Wales nayo ikatangaza kwamba itazipiga marufuku katika eneo lake. Tangu hapo, kila mjadala kuhusu maamuzi haya umekuwa ukielekea kwenye hitimisho moja, kwamba utaratibu wa leseni umeshindwa. Wapinzani wa mbio wanasema leseni ilikuwa karatasi tupu, na watetezi wake wanasema kuwa iwapo leseni zingetolewa kwa ukali zaidi na wakorofi wachache wakang'olewa, hakuna ambaye angefikiria kufunga viwanja. Pande hizi mbili zinapingana vikali, lakini zote zinakosea mahali pamoja. Ninavyoona mimi, leseni imefanya kazi yake, na imeifanya vizuri kuliko inavyosifiwa. Imewabana watu pale ambapo watu wanaweza kubanwa, na kwa kufanya hivyo imeweka wazi sehemu ya madhara ambayo haitokani na mtu yeyote mmoja, na ambayo hakuna cheti kinachoweza kuiondoa.

Kwa wasomaji wengi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mbio za mbwa ni picha za kompyuta zinazopita kwenye skrini za vibanda vya kubeti kila baada ya dakika chache, ambako hakuna mfupa unaovunjika kwa kuwa hakuna mbwa. Mbio zenyewe ni jambo jingine kabisa. Mchezo wa kisasa ulianza Uingereza mwaka 1926 katika uwanja wa Belle Vue, Manchester, baada ya kubuniwa Marekani chambo kinachovutwa kwa mashine kwenye reli, na kufikia 1928 tayari kulikuwa na chombo cha kutoa leseni na kusimamia kanuni. Sababu ya kuanzisha chombo hicho haikuwa huruma kwa mbwa. Mchezo ulisimama juu ya pesa za kamari, na mcheza kamari hawezi kuweka dau iwapo hajui kama mbwa aliyetangazwa ndiye anayekimbia, au kama amelishwa kitu kabla ya kuingia uwanjani. Kwa hiyo leseni ya kwanza ilimlinda mwenye dau, na ulinzi wa mnyama ulikuja kuongezwa baadaye, kipande kwa kipande, kwa kawaida baada ya kashfa. Historia hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayeuliza leseni hii ilikusudiwa kufanya nini.

Leo nchini Uingereza, anayetaka kufanya kazi na mbwa hawa katika viwanja vinavyotambuliwa hupitia Greyhound Board of Great Britain, chombo kilichoanza mwaka 2009. Si mkufunzi peke yake anayehitaji leseni. Mmiliki lazima asajiliwe, msaidizi wa mkufunzi anaihitaji, na hata mhudumu wa mabanda, yule anayeamka alfajiri kutoa mbwa nje, kufagia, kupima chakula na kuwakanda misuli, anaihitaji. Mabanda ya mkufunzi hukaguliwa kabla ya leseni kutolewa na huendelea kukaguliwa baadaye, na kumbukumbu za matibabu lazima ziwekwe kwa maandishi. Jimbo la New South Wales nchini Australia lina tume yake ya ustawi na uadilifu wa mbio hizi, iliyoanza kazi Julai 2018, ambayo husajili wakufunzi, wafugaji na wahudumu, na ambayo ilitenganishwa kwa makusudi na kampuni inayoendesha biashara ya mbio ili anayehesabu faida asiwe ndiye anayehesabu majeruhi.

Ukali wa utaratibu huu unaonekana vizuri zaidi siku ya mbio. Mbwa akifika uwanjani, alama za tatuu masikioni na namba ya chipu iliyo chini ya ngozi hulinganishwa na kitabu chake, pamoja na rangi ya manyoya na hata ya kucha. Kisha anapandishwa kwenye mizani, na iwapo uzito wake umetofautiana na wa mbio zilizopita kwa zaidi ya kilo moja, hakimbii siku hiyo. Daktari wa wanyama humtazama akitembea, humgusa viungo, na ndipo anapofungiwa katika banda la uwanja hadi zamu yake ifike. Mkojo unaweza kuchukuliwa wakati wowote kwa ajili ya kupima dawa zilizokatazwa. Kisha mhudumu mwenye leseni humvisha fulana ya rangi ya kizimba chake cha kuanzia mbio, nyekundu kwa namba moja, buluu kwa namba mbili, nyeupe kwa namba tatu, na kumwongoza mbele ya watazamaji. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo iliyo ya kubahatisha, na anayedai kwamba leseni hizi ni mzaha hajatazama kwa makini kinachofanyika pale kwenye mizani.

Hata hivyo, kwa miaka mingi utaratibu huo uliishia kwenye lango la uwanja. Mwaka 2006 gazeti moja la London lilifichua kwamba katika mji wa Seaham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mtu mmoja alikuwa akiua mbwa waliomaliza mbio kwa malipo ya pauni 10 kwa kila mmoja na kuwazika nyuma ya nyumba yake. Waliokadiriwa kufia mikononi mwake katika muda wa miaka 15 walikuwa takriban 10,000. Alipofikishwa mahakamani alitozwa faini ya pauni 2,000, na kosa lenyewe lilihusu kuzika mizoga bila kibali cha mazingira, kwa kuwa kumuua mbwa wako mwenyewe bila kumtesa hakukuwa kosa kisheria. Waliompelekea mbwa hao walitoka ndani ya mchezo uliokuwa na leseni, kanuni na wasimamizi, na hakuna ukurasa wa kanuni hizo uliowalazimisha kueleza mbwa alikwenda wapi baada ya mbio zake za mwisho. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa uchunguzi wa Lord Donoughue mwaka 2007 na baadaye kanuni za serikali za 2010 kwa England, ambazo zililazimisha kila uwanja kuwa na daktari wa wanyama siku ya mbio, utambulisho wa kila mbwa na kumbukumbu za majeruhi.

Australia ilipata somo la namna yake. Februari 2015 televisheni ya ABC ilionyesha picha zilizorekodiwa kwa siri, ambamo wakufunzi walikuwa wakitumia nguruwe wadogo, sungura na wanyama wengine wakiwa hai kama chambo cha kuwazoesha mbwa kukimbiza. Miongoni mwa walioonekana walikuwemo wakufunzi wenye leseni, tena wenye majina. Jimbo la New South Wales likamteua Michael McHugh, jaji mstaafu wa mahakama ya juu ya nchi, kuchunguza sekta nzima, na ripoti yake ya 2016 ilieleza kwamba katika muda wa miaka 12 mbwa wapatao 48,891 na pengine hadi 68,448 waliuawa kwa sababu tu hawakuwa na kasi ya kutosha. Waziri kiongozi wa jimbo, Mike Baird, alitangaza Julai mwaka huo kwamba mbio zitafungwa, kisha Oktoba akabatilisha uamuzi wake baada ya shinikizo kubwa la kisiasa, na mahali pa marufuku pakawekwa ile tume mpya ya kusajili watu.

Hapo ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapoonekana udhaifu wake, nayo ni ile ya wakorofi wachache. Hoja hii inaelekea kuaminika kwa sababu ina ukweli ndani yake: wanaotumia chambo hai ni wakorofi, na wanapaswa kuondolewa. Lakini makumi ya maelfu ya mbwa hawawezi kuuawa na watu wachache waliojificha. Waliuawa na sekta iliyozalisha watoto wengi kuliko nafasi zilizopo katika vizimba vya kuanzia, ikijua tangu mwanzo kwamba wengi hawatakimbia kamwe. Mkufunzi mwaminifu kabisa, mwenye mabanda safi na vitabu vilivyojazwa vizuri, alikuwa sehemu ya hesabu hiyo kama alivyokuwa mkorofi. Ukiwanyang'anya leseni wakorofi wote kesho asubuhi, hesabu ya uzalishaji inabaki palepale.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka katika takwimu ambazo chombo cha Uingereza chenyewe kimekuwa kikizichapisha. Mwaka 2018 mbwa 242 walikufa uwanjani. Mwaka 2024 walikuwa 123. Mbwa waliouawa kwa sababu gharama ya kuwatibu ilionekana kuwa kubwa mno walikuwa 175 mwaka 2018, na idadi hiyo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu hapo, hasa baada ya kuanzishwa mifuko ya kugharamia matibabu na, mwaka 2020, dhamana, iliyoanza kwa pauni 400, inayowekwa kwa ajili ya kustaafu kwa kila mbwa. Haya ni mafanikio ya kweli, na ni dhuluma kuyadharau. Sasa tazama idadi ya majeruhi. Mwaka 2018 yalirekodiwa majeraha 4,963 katika mikimbio 426,139 (mkimbio ni mbwa mmoja kukimbia mara moja), yaani asilimia 1.16. Mwaka 2024 yalirekodiwa 3,809 katika mikimbio 355,682, yaani asilimia 1.07. Idadi imepungua, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na kupungua kwa mbio zenyewe, huku kiwango kikiwa karibu palepale baada ya miaka 6 ya ukaguzi, mafunzo na fedha.

Tofauti kati ya takwimu hizo mbili, ya waliouawa kwa sababu ya gharama na ya walioumia, ndiyo moyo wa hoja yangu. Kumuua mbwa kwa kukwepa gharama ni uamuzi wa mtu, na mtu mwenye leseni anaweza kuamrishwa, kutozwa faini au kufukuzwa, kwa hiyo namba hiyo ilianguka mara tu mamlaka ilipoamua ianguke. Kuvunjika mguu kwenye kona si uamuzi wa mtu. Wanatoka mbwa 6 kwa pamoja, au 8 katika Australia na New Zealand, wakifikia kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, wote wakikifuata chambo kimoja kinachopita kwenye reli, na baada ya sekunde chache wanafika kwenye kona ya kwanza wakiwa wamebanana. Kwa kuwa viwanja vingi huzungushwa upande mmoja tu, kushoto, mzigo hurudi kila mara kwenye viungo vilevile, na mfupa wa kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ni maarufu kwa madaktari wa mbwa hawa kwa namna unavyopasuka. Leseni ya udereva, hata ikitolewa kwa haki kiasi gani, hainyooshi kona za mlima Kitonga.

Atakayejibu kwamba asilimia moja ni ndogo anastahili jibu, maana hoja hiyo husemwa kwa nia njema. Asilimia hiyo ni ya mkimbio mmoja, na mbwa hakimbii mara moja. Tukichukua kwamba hatari ni ileile kila anapotoka kizimbani, mbwa atakayekimbia mara 50, jambo la kawaida kabisa kwa mbwa mwenye afya, ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kuumia angalau mara moja kabla ya kustaafu. Mengi ya majeraha hayo hupona, na si haki kuyazungumzia kana kwamba kila moja ni kifo. Lakini ni nadra kupata kazi nyingine ya mnyama ambayo kuumia kwa karibu wanne katika kila kumi kunahesabiwa kuwa ni matokeo ya kawaida ya siku za kazi zilizokwenda vizuri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, walioajiriwa na sekta yenyewe, walipendekeza mwaka 2017 viwanja vilivyonyooka, mbwa 6 badala ya 8, na chambo kilichosogezwa kutoka kwenye reli ili mbwa wasibanane. Mapendekezo hayo yana maana, na mahali yalipofuatwa yanastahili pongezi. Ila tazama ni ya aina gani: ni ya ujenzi wa viwanja na wa mbio zenyewe. Hakuna hata moja linaloweza kutimizwa na mhudumu wa mabanda kwa kuwa mwangalifu zaidi, na yote yanagharimu fedha na kubadilisha mchezo ambao mcheza kamari ameuzoea.

Ukiyasoma maamuzi ya New Zealand na Wales kwa mwanga huo, yanaonekana tofauti. New Zealand ilikuwa imefanya mapitio kadhaa ya sekta hiyo kuanzia 2013, yakiwemo ya jaji Rodney Hansen mwaka 2017 na ya Sir Bruce Robertson mwaka 2021, na kila mara wahusika waliambiwa wajirekebishe. Walijirekebisha kwa kiasi fulani. Peters mwenyewe, mwanasiasa ambaye kwa miaka mingi amekuwa rafiki wa sekta ya mbio, alikiri katika tangazo lake kwamba maendeleo makubwa yamepatikana, na akaeleza kwamba hata hivyo kiwango cha kuumia kimebaki juu. Wales ilikuwa na uwanja mmoja tu, ule wa Ystrad Mynach, ambao kwa miongo mingi uliendeshwa bila leseni na ambao mwaka 2023 uliingia chini ya chombo cha Uingereza. Walioongoza mageuzi hayo wanalalamika kwamba waliadhibiwa baada ya kutii, na ninauelewa uchungu wao. Lakini kutii kwao hakukuwa bure, na marufuku haikuwa adhabu. Leseni ilipoingia iliondoa kisingizio kwamba tatizo ni ukosefu wa leseni, na serikali ikabaki na swali lenyewe likiwa uchi.

Nageukia sasa wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba leseni daima ilikuwa kifuniko cha kuficha mateso. Nakubaliana nao kuhusu miaka ya Seaham. Sikubaliani nao kuhusu miaka ya karibuni, kwa sababu kila takwimu wanayoitumia bungeni na magazetini imezaliwa na leseni. Katika uwanja wa Thornton huko Fife, Scotland, uliobaki kuwa uwanja pekee usio na leseni baada ya Ystrad Mynach kubadilika, sheria haikumlazimisha yeyote kumweka daktari wa wanyama wala kuchapisha idadi ya walioumia. Hakuna anayeweza kuchambua asilimia za mahali kama hapo. Chombo kinachowalazimisha wanachama wake kuandika kila jeraha, kisha kikaziweka namba hizo hadharani zikijulikana kuwa zitatumiwa dhidi yake, hakistahili kuitwa kifuniko.

Hoja kwamba marufuku itazisukuma mbio gizani ina nguvu zaidi, ila haiendi mbali. Mbio hizi haziishi bila reli ya umeme, vizimba, matangazo ya moja kwa moja kwa maduka ya kamari na dau linalolipwa kisheria, na vitu hivyo havifichiki msituni. Suala la riziki ni zito zaidi na halina jibu jepesi. Mtu aliyehudumia mabanda tangu ujana wake, akapata leseni yake kwa ukaguzi na jasho, hakuchagua umbo la kona ya uwanja, na serikali iliyokubali apewe leseni hiyo kwa mkono mmoja haiwezi kuichukua kwa mkono mwingine bila fidia na bila msaada wa kumpeleka kwenye kazi nyingine.

Kuna jambo moja ambalo limezungumzwa kidogo mno, nalo ndilo linalonihangaisha kuliko marufuku yenyewe. Siku mbio zinapofungwa, sababu ya kuwa na leseni inaondoka, na pamoja nayo unaweza kuondoka wajibu wote ulioambatana nayo: ukaguzi wa mabanda, vitabu vya matibabu, na lazima ya kueleza mbwa yuko wapi. New Zealand ilikuwa na mbwa wa mbio wapatao 2,900 siku ya tangazo, na ni jambo la kutia moyo kwamba siku hiyohiyo bunge lilipitisha kwa dharura sheria ya kuzuia kuuawa kwao bila sababu ya lazima. Tumewahi kuona kinachotokea pasipokuwa na mpango. Uwanja wa Canidrome wa Macau ulipofungwa Julai 2018, zaidi ya mbwa 500, wengi wao waliotoka Australia, walibaki ndani ya mabanda ya uwanja huku mwendeshaji na serikali wakivutana kuhusu nani ana jukumu, na mashirika ya wanyama ndiyo yaliyohangaika kuwatafutia nyumba katika nchi mbalimbali. Florida ilikwenda kwa mpangilio zaidi. Wapiga kura walipitisha marufuku Novemba 2018 kwa asilimia 69, na sheria ikatoa muda hadi 31 Desemba 2020, kwa hiyo viwanja vilifungwa kimoja baada ya kingine na mbwa wakapata muda wa kutafutiwa watu wa kuwachukua.

Ninachopendekeza kwa watungaji wa sheria za kufunga, huko Wellington, Cardiff na Hobart, ambako serikali ya Tasmania nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba itasitisha mbio kufikia 2029, ni kwamba leseni isife siku moja na mbio. Igeuzwe iwe leseni ya ulezi, ambayo mkufunzi ataendelea kuwajibika nayo kwa kila mbwa aliyesajiliwa kwa jina lake, kwa ukaguzi uleule na vitabu vilevile, mpaka chipu ya mbwa huyo isajiliwe kwa mwenye nyumba mpya na daktari athibitishe hali yake. Kazi hiyo ilipwe. Anayeijua tabia ya mbwa ambaye hajawahi kupanda ngazi, hajawahi kuona mlango wa kioo na amefundishwa tangu utoto kukimbiza kila kitu kidogo kinachotoroka ni yule mhudumu aliyemlisha kila asubuhi, na itakuwa hasara kubwa kumfukuza wiki ileile ambayo ujuzi wake unahitajika zaidi. Fedha za kumlipa zitoke kwenye faida ya kamari ambayo mbwa hawa waliitengeneza, na daftari la leseni lifungwe tu siku ambayo mstari wa mbwa wa mwisho umejazwa mahali alipokwenda.